Direktrisi na maji yake ya siku mbili

Mwaka ule Bunia ilikula sombe, majani ya muhogo, mpaka watoto wakauliza kama maharagi ilikufa. Maharagi yetu ilikuwa inatoka Djugu, na Djugu watu walikuwa wanakimbia vita, basi nani angevuna? Ku soko walianza kupima maharagi na kikombe cha chai, pahali pa sahani. Tulikula sombe bila mawese, bugali ya muhogo yenye haikukauka muzuri, na ndakala, zile dagaa za kukauka, tatu ku sahani ya mutoto, mbili ku sahani ya mutu mukubwa. Mwenye alikuwa Bunia atajua ni mwaka gani ninasema. Mwenye hakuwa, namba ya mwaka haitamusaidia.

Mu mwaka ule njo nilifanya kitu chenye bado kinaniunguza uso. Nitafika kwacho. Lakini kwanza nataka mumujue jirani yangu, sababu bila kumujua yeye mutasema, aa, ni samaki tu.

Nitamuita Direktrisi. Ata siye wenye tulikaa naye ukuta kwa ukuta miaka zaidi ya makumi mbili hatukumuita ingine. Alikuwa ameacha kazi ya kuongoza masomo, ni kusema shule, zamani, masomo yenyewe ilikuwa na direkta wa tatu nyuma yake, lakini mutu akisema "Direktrisi" mu kartie yetu ya Mbunya, hakuna mwenye aliuliza yupi.

Huyu mama hukuweza kumusalimia toka barabara. Ukipita unapiga kelele "Jambo Direktrisi", hakujibu. Ulirudi, ulifungua mulango wa parseli, uwanja wa nyumba yake, uliingia, ulikaa ku kiti, njo alikuangalia na kusema, "Sasa umefika. Jambo." Wengine walisema ni kiburi. Mimi mwenyewe niko mwanamuke wa kiburi, sifichi, na kiburi ya mutu mwingine ninaijua na harufu. Ile yake haikuwa kiburi. Alikuwa anataka mutu afanye kitu mpaka mwisho.

Alikosoa kila mutu. Mwangalizi wa kanisa akisoma Kifaransa vibaya, Direktrisi alikohoa. Akikosea mara ya pili, alikohoa kwa nguvu zaidi, mpaka watu wa kiti ya nyuma wakafikiri mama ni mugonjwa. Siku moja mujukuu wangu mukubwa alimuletea barua ya kuomba kazi, amusaidie kuisoma. Alimurudishia nyekundu tupu, sawa vile mutu amechinja kuku juu yake. Mutoto akalia. Kesho yake Direktrisi alivaa viatu vyake vyeusi, akaenda naye mpaka ku ofisi ile, akakaa ku benchi saa nne nzima kungoja mukubwa wa pale. Kazi ikapatikana. Njiani wakirudi hakumuambia neno moja la utamu. Alimuambia tu, "Fungua kifungo cha shati, unatembea sawa maiti."

Watoto wake wa masomo aliwapiga, hilo ninasema wazi. Nimekutana na wanaume wenye ndevu, wanaficha vidole bado wakimuona. Lakini wanaume wale wale wanasema kwamba wakati wa vita ya zamani, siku zenye hakuna mutoto aliweza kurudi kwao, alifunga mulango wa klasi na akalala chini na wao, na usiku wote alikuwa anawaulizisha hesabu ili wasisikie masasi. Mwenye alikosea hesabu alipigwa ata usiku ule. Mimi nikisikia hadisi ile sijui nicheke ao nilie.

Mimi pia nilikuwa mwanafunzi wake, lakini kwa uzee.

Niliacha masomo mwaka wa tatu wa primeri. Baba alisema mikono yangu iko muzuri kwa samaki, na ilikuwa kweli. Niliuzisha samaki za ziwa miaka makumi tatu, za Tchomia na za Kasenyi, mbichi na za moshi, na hakuna mwanamuke ku soko aliweza kunidanganya juu ya samaki. Nilifungua mashavu yake, niliangalia rangi, nilijua ilitoka mu maji saa ngapi. Lakini herufi zilikuwa zimenitoka kichwani zote. Siku moja Direktrisi alinikuta ku baraza yangu ninaimba na karatasi ya kanisa ku mukono.

"Jirani, umeshika wimbo kichwa chini."

"Sina shida nayo. Ninaijua kwa kichwa."

"Hii unaijua. Siku watabadilisha karatasi, utaimba nini?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilienda kwake na ubao mudogo wa mujukuu. Nilikuwa na miaka makumi tano na mine. Alinifundisha mwaka muzima, kila saa kumi jioni, na hakunihurumia ata siku moja. Nilipoandika jina langu bila kosa, aliliangalia wakati murefu, akasema, "Mukia wa herufi ya mwisho ni mufupi." Kiisha akaingia jikoni na akatoka na yai mbili za kuchemsha, moja yake, moja yangu. Ile njo ilikuwa diplome yangu.

Basi herufi hizi ninaandika nazo sasa, ni yeye alinipa. Ninajua ni aibu ya namna gani kumuandika nazo.

Sasa samaki.

Mwanafunzi wake wa zamani, mwenye anafanya biashara Kampala, alimuletea zile samaki za dhahabu. Zilipita mupaka mu mifuko ya plastiki yenye kujaa hewa, ndani ya kartoni ya sabuni. Alimuletea pia sanduku la vioo, na pompi ndogo ya kupuliza hewa mu maji, na paneli ya jua yenye kuipa moto ya umeme. Direktrisi aliweka ile yote mu salo, chumba cha wageni, pahali pa televizio. Televizio aliitia mu chumba.

Zilikuwa kumi na moja. Mimi mwenye nimekata samaki elfu na elfu, sijawaona vile. Moja ilikuwa nyeusi, macho imetoka inje sawa mutu amesikia bei ya maharagi. Moja nyeupe na kofia nyekundu ku kichwa. Zingine zilikuwa na mikia mbili, mirefu na laini, zikigeuka unafikiri ni bibi arusi anatafuta pahali pa kukaa. Tumbo mviringo, kuogelea hazijui. Mimi nilipoziona nilisema, "Direktrisi, hizi mu ziwa hazimalizi saa moja." Akanijibu, "Ndiyo maana haziko mu ziwa."

Aliziita wanafunzi. Ile nyeusi iliitwa Mukaguzi. Ile yenye kofia iliitwa Kardinali. Na moja ndogo ya rangi ya machungwa, yenye ilifika ku chakula nyuma ya zingine kila siku, iliitwa Redubla, sababu ilikuwa inarudilia mwaka.

Watu walicheka, lazima. Bunia ni muji wa dhahabu, kila mutu iko na mujomba ku mashimo ya kule Kilo. Mununuzi mumoja wa dhahabu mwenye alikuwa anapita ku kartie yetu alisimama siku moja ku mulango wa salo na mizani yake ku mufuko.

"Mama Direktrisi, dhahabu yenye inaogelea sijaipima bado. Niletee moja."

"Pima ulimi wako kwanza," akamuambia. "Uko muzito kuliko mizani."

Na muone namna mutu hana mustari moja. Mama huyu mwenye alisimama mbele ya kioo kila asubuhi anauliza Redubla kama amelala muzuri, siku ya tano ya juma alikula makayabo, samaki ya chumvi, na vitunguu mpaka anakwangua sufuria. Nilimuuliza kama haoni haya mbele ya wanafunzi. Akasema, "Huyu ni wa masomo ingine."

Sheria ya zile samaki ilikuwa moja, na hakuna mutu aliweza kuivunja: maji. Maji ilitoka ku kisima chenye kufunikwa cha juu ya kilima, si ya mto, si ya bomba yenye dawa. Ilikaa mu bidoni, lile dumu la maji, wazi siku mbili, ipumzike, kiisha njo iliingia mu kioo, kidogo kidogo na kikombe. Na mutu alinawa mikono mbele ya kugusa chochote. Siye watu wa Ituri tumeona ugonjwa wenye ulitufundisha kunawa mikono na klori ku kila mulango na kusalimiana na kiwiko, basi hakuna mwenye alimuona wazimu kwa hilo. Alisema ugonjwa hauna miguu, unabebwa, na mwenye kuubeba hajisikii muzito. Alisema hivyo mara nyingi, ata mbele yangu.

Mwenye alikuwa anachota ile maji ni Mama Furaha.

Mama Furaha alitoka Djugu na watoto wane na sufuria moja. Bwana wake hakufika. Direktrisi alimukuta ku uwanja wa kanisa, mvua inamupiga, na hakumuuliza jina wala kabila. Alimuambia, "Unaweza kubeba bidoni?" Mama Furaha akasema anaweza. Basi akamupa chumba kidogo cha nyuma ya nyumba, chenye mabati na saruji chini, na mulango wenye kufunga. Mwaka ule mulango wenye kufunga ilikuwa kitu. Watu wengine wa Djugu walilala mu mahema ya plastiki kule ku kambi, na mvua ya Bunia mnaijua.

Alikuwa mwanamuke wa sauti ndogo. Alipiga magoti kidogo akikupa kitu. Direktrisi hakupenda ile. "Simama, mama, hii si misa." Alikuwa anasimama, kesho anarudilia.

Sasa nifike ku yangu.

Macho ya Direktrisi ilianza kufunikwa na wingu, na yule wa Kampala akamuita aende kuonyesha munganga kule. Siku kumi. Aliniachia ufunguo wa salo. Hakumuachia Mama Furaha, aliniachia mimi. Alisema mbele ya watu wa kikundi cha wamama, "Jirani yangu anajua samaki kuliko mimi." Nilirudi nyumbani nimenyosha shingo sawa batabata. Mama Furaha alete maji ku mulango, mimi nilishe samaki, mara moja kwa siku, chakula yenye inaweza kukaa ku kucha ya kidole.

Ku siku ya tatu, siku ya posho, ni kusema Jumamosi, nyumbani kwangu tulikuwa tunatengeneza sikukuu. Mujukuu wangu musichana alikuwa anabatizwa kesho yake. Kwetu mutu akibatizwa unawapa wageni samaki mubichi, na mubichi maana yake ilikuwa hai mpaka asubuhi. Barafu hakuna, na samaki ya jana mu sikukuu ni matusi. Mwaka ule samaki ya ziwa haikufika muzuri, njia ilikuwa mbaya. Basi nilinunua tilapia saba kwa mutu mwenye kuchimba vidimbwi kule ku bonde. Alizileta mu bidoni ya kukata, zinapiga mikia. Kila mutu mu parseli alikuya kuangalia. Sikukuu ya tate, bibi yao, iko na samaki saba hai, mu mwaka wa sombe.

Niliziweka mu beseni. Saa tisa mchana moja ikalala ubavu. Saa kumi ya pili ikaanza kufungua kinywa juu ya maji. Jua ilikuwa kali na beseni ilikuwa ndogo, nilijua zote zitakufa mbele ya usiku. Na nilikuwa na ufunguo mu mufuko wa kikwembe chenye nilijifunga, ufunguo wa nyumba yenye maji mingi, baridi, safi, na pompi inapuliza.

Sikufikiri murefu, kusema nilifikiri ni uongo. Nilisema, samaki ni samaki, maji ni maji. Miaka makumi tatu mimi niliuzisha samaki, nani atanifundisha? Nilivuka na beseni ku kichwa, nikafungua, nikazimwanga ndani na maji yao ya matope. Zile za dhahabu zilikimbilia pembeni zote, sawa wamama wa kanisa wakiona mulevi. Nilicheka. Asubuhi mbele ya ibada nilitosha tilapia zangu mu maji na kikapu, zilikuwa na nguvu zote saba. Watu walikula, walilamba vidole. Nilifunga salo na sikumuambia mutu. Mama Furaha alikuwa ameenda kulimia watu mashamba siku zile mbili, hakuona kitu.

Siku ya saba niliona Kardinali anajikwaruza ku jiwe. Nikaangalia karibu. Ku mikia yake kulikuwa vidoti vyeupe, sawa mutu amemunyunyizia chumvi. Kesho yake zilikuwa tatu zenye chumvi. Kesho ingine zote, mikia imekunjwa, zimesimama chini ya bomba ya hewa zinahema. Mimi mwenye nilijua kufungua mashavu ya samaki yenye kufa, sikujua hata kidogo kitu gani unafanyia samaki yenye inataka kuishi.

Direktrisi alifika siku ya kumi, kitambaa ku jicho moja. Hakutosha ata koti mwilini. Alisimama mbele ya kioo, akanawa mikono, akasema polepole, "Nani ameingia hapa?"

Alipigia simu mutu mwingine wa Kampala, mwenye aliuzishia mwanafunzi wake zile samaki, na alifungua sauti ili sote tusikie. Tulikuwa watatu mu salo: yeye ku kiti, Mama Furaha amesimama ku mulango, mimi ku kanape. Yule mutu wa Kampala aliuliza swali moja mbele ya yote.

"Mama, umeingiza samaki mupya? Siku za nyuma hizi?"

"Hapana."

"Una hakika? Ugonjwa huu hauzaliwi mu kioo. Unaletwa."

"Nina hakika," Direktrisi akasema. "Jirani yangu alikuwa hapa. Yeye anajua samaki."

Nilikuwa na kinywa. Ilikuwa hapa, chini ya pua, pahali iko leo.

Yule mutu akasema basi ni maji, ao chombo. Akamuambia afanye nini: kutenga zenye zinaweza kupona, chumvi ya mawe isiyo na dawa, kupasha maji moto kidogo kidogo, kubadilisha kila siku. Direktrisi aliandika ku karatasi. Kiisha akafunga simu na akageukia Mama Furaha.

Mu masomo yake alikuwa na sheria, hakumupiga mutoto mbele ya kumuuliza mara tatu. Aliuliza mara tatu.

"Maji ilitoka wapi?"

"Ku kisima, mama. Juu."

"Maji ilitoka wapi?"

"Ku kisima. Nilikuwa ninapanga mustari na wamama wengine, waulize."

"Maji ilitoka wapi?"

Mara ya tatu Mama Furaha akaangalia chini. Akasema kweli yake yote, kwa sababu alikuwa mutu wa kusema kweli yake yote. Alisema maji ya samaki ilitoka ku kisima, lakini siku moja bidoni ile ile aliichota nayo maji ya mto, kufua nguo za watoto. Aliisugua na muchanga nyuma. Alifikiri imetakata.

"Aa," Direktrisi akasema. Basi. Hakutukana, hakupiga kelele. Alisema tu ile "aa", na Mama Furaha akawa mudogo pale ku mulango sawa nguo yenye imenyeshewa.

Mimi nilikunywa chai.

Siku zenye zilifuata nilifanya kazi kuliko mutu yeyote. Nilipanda kilima na bidoni mwenyewe, na magoti yangu haya. Direktrisi alitandika mabeseni tano mu salo, alisema mugonjwa na muzima hawalali kitanda moja, na ku mulango aliweka maji ya klori. Watoto wa kartie wakaiita Ebola ya samaki, wakawa wanasalimiana na viwiko mbele ya dirisha na kuanguka na kicheko. Alipima chumvi na kijiko, alitia kidole mu maji kusikia moto yake, alisogeza jicho lake moja karibu na beseni mpaka pua ikalowana. Alikuwa anasema na zile samaki kwa Kifaransa, kwa sauti yenye sijasikia akimusemea mutu. Zilikufa tu. Mukaguzi alikufa siku ya kwanza, Kardinali siku ya pili na zingine tatu pamoja naye. Kila moja aliifunga mu karatasi ya zamani ya egzamini ya watoto, aliikunja vizuri ku pembe nne, na mimi nilichimba shimo chini ya mundimu. Nilichimba mashimo kumi. Akanishika bega. Mama huyu mwenye hashikagi mutu, alinishika bega akasema, "Bila weye ningefanya nini?"

Redubla peke yake alipona.

Direktrisi hakumufukuza Mama Furaha. Ninasema hivyo sababu watu walisema alimufukuza. Alimuambia tu kwamba kuanzia leo maji ya kioo jirani ataleta. Lakini Mama Furaha alikuwa amesikia ile "aa". Alikaa juma moja, anazunguka parseli bila kuinua macho, watoto wake hawacheki tena karibu na dirisha. Kiisha siku moja asubuhi alifagia chumba, akafagia mpaka inje, akaleta ufunguo na mikono mbili na kupiga magoti, na Direktrisi hakumuambia simama. Alienda ku kambi na watoto wane na sufuria yake. Ilikuwa mwanzo wa mvua kubwa.

Mimi nilimusindikiza mpaka ku barabara, nimemubebea godoro. Nilisema, "Mungu atakusaidia." Akanijibu, "Asante mama, weye uko mutu muzuri."

Haya yangu haikukuya siku ile. Siku ile nilisikia nafuu, ninasema wazi. Ilikuya nyuma, polepole, na tangu ilifika haijaondoka. Inakuya mvua ikipiga mabati yangu. Inakuya ku soko, sababu Mama Furaha anauzisha pale sombe ya kutwanga, karibu na barriere, kizuizi cha mulango wa kambi, na akiniona anasimama na ananisalimu, anauliza wajukuu kwa majina. Mutoto wake wa mwisho alikohoa mvua yote ya mwaka ule wa kwanza. Nilibadilisha njia, nikawa ninazunguka nyuma ya stasio ya moto, kule pikipiki zinangoja watu, ili nisipite mbele yake. Nilinunua sombe mbaya kwa mwingine. Mimi mwenye niliinua shingo mu muji huu, nilikuwa ninapita nyuma ya manyumba sawa mwizi wa kuku.

Na Direktrisi aliendelea kunisifu. Mu kikundi cha wamama alisema mbele ya wote, "Jirani yangu alichimba mashimo kumi na magoti mabaya." Wakanipigia mikono. Mutu apige mikono kwa ajili yako na weye ujue. Ningependa anikosoe na ile biki yake nyekundu.

Miaka imepita. Redubla aliishi mbili na nusu, akafa na uzee. Direktrisi hakuleta samaki ingine. Sanduku la vioo liko mu salo bado, anaweka vitunguu. Wingu imefunika macho yote mbili sasa, anakujua na kutembea kwako. Hakosoi tena barua, lakini ukimusomea barua kwa sauti anasikia kosa pahali iko.

Mvua hii yenye tuko ndani yake, nilienda kwake saa kumi jioni, saa yetu ya zamani. Sijui juu ya nini siku ile. Asubuhi nilikuwa nimemuona Mama Furaha toka mbali, anavuta plastiki juu ya sombe yake sababu matone ilianza, na nywele zake zimeota mvi. Labda ni ile. Niliingia, nikakaa ku kiti.

"Sasa umefika," akasema. "Jambo."

Sikujibu jambo. Nilisema, "Direktrisi, ule ugonjwa wa samaki, ni mimi niliuleta."

"Sema muzuri. Macho imekufa, masikio bado."

Nikasema yote. Sikukuu, beseni, tilapia saba, ufunguo, mchana wa siku ya posho. Nikasema ata kwamba nilicheka. Hakunikata. Mvua ilikuwa inapiga mundimu inje.

"Nilimuuliza mbele yako," akasema.

"Ndiyo."

"Mara tatu."

"Ndiyo, Direktrisi."

"Na weye ulikuwa na nini ku mukono?"

"Kikombe yako ya chai."

Akafunga macho yenye haioni. Nilishuka toka ku kiti, mimi mwenye sijampigia magoti ata mama mukwe, nikashika miguu yake na viatu vyake vyeusi. Nikamuambia anisamehe.

"Samaki nimekusamehe," akasema. "Zingekufa siku moja, na mimi sionagi tena samaki. Ile ingine si yangu. Simama, unalowesha soksi zangu."

Nikasimama. Nikamuambia basi twende kwa Mama Furaha, kesho, siye wawili. Nitaita moto mbili, pikipiki za watu wenye kuendesha polepole. Yeye aseme, sababu yeye watu wanamusikia, na mimi nitapiga magoti pembeni.

"Hapana. Sitaenda na weye. Utaenda peke yako."

"Juu ya nini, Direktrisi? Weye pia ulimuhukumu."

"Nilimuhukumu. Niko na yangu ya kumuambia, na nitaenda na siku yangu. Tukienda wawili atatusamehe mbele hatujamaliza kusema. Mutu mwenye analala mu hema atafanya nini, akatalie wamama wawili wenye viatu?"

Nilisema, na kama atanifukuza? Kama ataita watu wa kambi wote wasikie? Wajukuu wangu wanapita pale kila siku, mimi ni tate wa watu, jina langu iko mu kinywa ya kanisa yote.

"Atakufukuza ao hatakufukuza. Ni yake."

"Direktrisi, ninaogopa." Sijawahi kumuambia mutu neno lile, ata bwana wangu wakati wa vita. "Fika tu mpaka ku barriere. Ukae ku moto, uningoje. Usiseme kitu."

Alitafuta ukingo wa kikwembe chake na vidole, akaunyosha ku magoti, taratibu, mpaka mikunjo ikaisha. Kiisha akageuzia uso wake pahali sauti yangu ilikuwa.

"Hapana," akasema. "Sitaenda na weye. Utaenda peke yako."